Njiwa wa Mkuu wa Karakana

Asubuhi niliyoondoka nyumbani sikuwa na mpango wa kuondoka. Ilikuwa zamu yangu ya kuchunga. Kijiji chetu kiko nyuma ya Mwadui, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabarani. Nilikuwa nimewafikisha ng'ombe malishoni, nikapanda juu ya kichuguu, nikaona lori la pamba limesimama na dereva amelala chini yake. Nilikwenda kutazama tu jinsi jeki inavyoinua mzigo ule wote. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, lakini maswali hayakuniacha. Tairi lilipokwisha kufungwa dereva akaniuliza, "Wewe unakwenda wapi?"

"Unakokwenda wewe."

Akacheka, akanionyesha juu ya marobota. Niliwaacha ng'ombe kumi na wanane, na fimbo yangu nimeiegemeza kwenye kichuguu. Sikumuaga mama, wala kaka yangu Jilala, ambaye ndiye angeulizwa jioni.

Ninyi mnaosoma haya mkiwa kazini mbali na kwenu, nimeanza na asubuhi hiyo kwa sababu yote ya baadaye yalitoka humo. Nilibeba magunia Kahama, nikavuta kamba za ndoo kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, nikauza mitumba Katoro. Kila mahali nilikaa mpaka nilipopaelewa, kisha nikaondoka. Mahali pekee nilipokaa hadi mvi zikaniota ni kambi moja ya mgodi wa dhahabu upande wa Geita.

Siku ya kwanza Msimamizi wa Kambi, mtu wa Moshi, mnyoofu, mwenye funguo nyingi kiunoni, alinipeleka kwenye ukumbi wa starehe, akaniuliza kama najua kazi yangu.

"Kufagia, bosi."

"Kufagia kila mtu anaweza. Hawa watu wametoka nchi za mbali. Zile saa kumi na mbili za kazi haziwapi shida. Shida ni saa zinazobaki. Mtu asipokuwa na la kufanya, wiki ya tatu anaanza kunywa, wiki ya nne anagombana na mpishi. Wewe umeajiriwa kwa ajili ya saa zinazobaki."

Basi hiyo ndiyo ikawa kazi yangu kwa miaka yote ile: kutunza saa za ziada za wageni. Nilijifunza kwamba ubao wa vishale hutengenezwa kwa mkonge, na kila wiki unauzungusha kidogo, kwa sababu wote wanalenga namba ishirini na usipouzungusha unatoboka upande mmoja. Nilijifunza kupiga brashi kitambaa cha meza ya pool kwa kufuata mlalo wa manyoya yake. Lakini zaidi nilijifunza watu. Mpima ardhi kutoka Ghana alicheza drafti kwa vizibo vya soda, akimtukana mpinzani wake kwa upole kama anayembembeleza mtoto. Mchomeleaji wa Afrika Kusini alipanda nyanya kwenye mapipa ya oili aliyoyakata, na kila jioni aliziambia habari za siku. Mama mmoja wa maabara, kutoka Peru, alifuma masweta ya sufu katika joto la Geita. Nilimuuliza ni ya nani.

"Ya mwanangu," alisema. "Kila nikimaliza moja, yeye amekua. Kwa hiyo siku hizi sipimi. Nakisia."

Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Mama yangu naye, nilifikiri, ananikisia.

Mkuu wa Karakana alitoka Ufilipino. Alikuwa mfupi, mwenye mikono iliyokaa na grisi hadi kwenye mistari ya viganja, na Kiswahili alikuwa amefundishwa na madereva wa magari makubwa, kwa hiyo kilikuwa kizuri kwa matusi na kibaya kwa mengine. Miezi yake ya kwanza hakuingia ukumbini kabisa. Aliketi nje ya chumba chake akitazama angani. Jioni moja nilimpelekea chai, nikamuuliza anatafuta nini huko juu.

"Kwetu jioni mimi na njiwa," alisema. "Hapa jioni, mimi na nani?"

Kesho yake nilimwomba Msimamizi mbao za masanduku ya vipuri. Msimamizi alinitazama. "Njiwa, Maduhu? Huyu si ana umri wa babu?"

"Bosi, wewe ulisema saa zinazobaki."

Tukajenga banda nyuma ya ukumbi. Mkuu wa Karakana alirudi kutoka likizo kwao na mayai kadhaa yaliyofungwa kwenye pamba, sijui aliyapitishaje. Akayaweka chini ya njiwa wa kawaida tuliowanunua mjini, na mengine yakaanguliwa. Hapo ndipo nilipoanza masomo yangu ya kweli. Njiwa wa mbio hafundishwi njia. Anafundishwa kuitamani. Akikaribia kuruka anakaa kwenye kizimba cha waya juu ya banda, anatazama mazingira. Kisha unamtoa akiwa na njaa kidogo, na ukitikisa kopo la mtama anarudi. Mlango wa banda una vijiti vinavyoning'inia: ndege anavisukuma kuingia, havimruhusu kutoka. Baada ya hapo unampeleka mbali kidogo, kisha mbali zaidi.

Mpelekaji nilikuwa mimi. Nani mwingine angefurahia kusafiri bila sababu? Nilibeba tenga lenye njiwa kwenye basi, abiria wakiuliza kama nakwenda kuwauza au kuwachinja. Katoro kwanza, halafu Kahama, halafu Shinyanga mjini. Asubuhi, mbingu ikiwa safi, nafungua tenga, nampigia simu Mkuu wa Karakana.

"Nimewaachia, bosi."

"Saa ngapi?"

"Moja na nusu."

"Upepo?"

"Hakuna."

Na kimya chake kwenye simu kilikuwa kama cha mtu anayesali. Baadaye ananipigia yeye, mimi nikiwa njiani: "Wa pete nyekundu amefika! Wewe bado uko kwenye basi, mzee pole pole!"

Kituo cha mbali zaidi kilikuwa Mwadui. Nilikichagua mimi. Nilimwambia kuna uwanja mpana na nyaya chache za umeme, na hilo ni kweli. Nilifika jioni, nikalala gesti kando ya barabara, asubuhi nikawaachia. Walizunguka mara mbili juu, kisha wakaelekea magharibi kama waliovutwa kwa uzi. Nilibaki na tenga tupu. Nyuma ya mgongo wangu, mwendo wa saa moja, mama alikuwa anachochea moto wa uji.

Sikwenda. Nilijiambia nitakwenda mara nyingine, nikiwa na shati zuri, nikiwa na maneno. Nilikwenda Mwadui na njiwa mara saba, nikalala gesti ileile mara saba, na mara zote saba ndege wa kigeni walirudi kwao asubuhi moja, na mimi nikapanda basi. Mara ya saba kondakta, mtu wa kijijini kwetu, alinikazia macho.

"Wewe si Maduhu wa akina Jilala? Pole kwa msiba."

"Msiba gani?"

Alinitazama kama mtu aliyekanyaga kidonda cha mwenzake. Mama alikuwa amezikwa miezi miwili kabla.

Mkuu wa Karakana alipomaliza mkataba wake alinikabidhi njiwa wanane na kopo la mtama. Alikaa muda mrefu mbele ya banda. "Maduhu, sikia. Hawa wakubwa, ukihama, hapana fungua. Mwaka hapana, miaka miwili hapana. Watarudi hapa tu. Wewe zalisha. Watoto ndio watakaa. Sawa?"

"Sawa, bosi."

"Wakubwa hapana."

"Nimeelewa, bosi."

Nilielewa kweli. Ndiyo maana kosa langu halina kisingizio.

Ukumbi ulipofungwa na wageni wakahamishiwa kambi mpya, nilistaafishwa. Nilichukua njiwa wanane ndani ya matenga mawili, na safari hii nikipita gesti sikuteremka. Jilala nilimkuta anashona kamba ya ngozi mlangoni. Alikuwa amezeeka kuliko baba yetu nilivyomkumbuka.

"Mwangaluka," nilimwamkia kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtoto. "Shikamoo, kaka."

Alimaliza mshono aliokuwa ameuanza. Kisha akasema, "Marahaba. Ng'ombe wale walirudi wenyewe jioni ileile. Wewe ndiye hukurudi."

Ndivyo nilivyosamehewa, kama kweli nilisamehewa. Alinipa chumba, akanisaidia kujenga banda. Kazi ya mikono ilitufaa, maana maneno yalikuwa magumu. Mkewe, Mama Kabula, ndiye aliyezungumza kwa niaba yetu wote. Njiwa niliwafungia, nikasubiri watage.

Wiki ya tatu Jilala aliita majirani na ndugu, akachinja mbuzi, ili nitambulishwe upya. Watu walikula, wakanitania. Jirani mmoja akasema, "Shemeji, hao ndege uliowatoa kwa Wazungu ni wafungwa? Mbona hawaoni jua?"

"Ni wa Ufilipino," nilisema, "na wanakwenda kutoka hapa hadi Geita asubuhi moja."

"Ehe! Maneno ya wachimbaji hayo!"

Wakacheka. Jilala hakucheka. Alinigeukia, mbele ya wote, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi niliona amenionea fahari. "Mdogo wangu, wafungulie waone."

Ningesema hapana. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini kaka yangu alikuwa hajaniomba kitu kwa miaka zaidi ya arobaini, na mimi nikajidanganya kwamba wiki tatu zinatosha, kwamba nyumba hii ina utulivu, kwamba na wao watauona. Nikafungua.

Walipanda juu, weupe na wa kijivu, na watu wakashangilia. Wakazunguka mara ya kwanza, mara ya pili. Nilitikisa kopo la mtama. Nilitikisa mpaka mkono ukauma. Wakaelekea magharibi.

Kila aliyekuwa pale alijua maana yake. Kwetu, kama kwingineko, inasemwa kwamba njiwa hawakai nyumba yenye ugomvi. Majirani waliacha kutafuna. Shangazi yetu, bi kizee asiyesikia vizuri na hivyo husema kwa sauti, aliuliza, "Kwani hawajapatana?"

Nilieleza. Nilisema njiwa wa namna hii hurudi alikoanguliwa, haijalishi nyumba, haijalishi amani. Nilieleza vizuri sana, kama fundi. Jilala alinisikiliza hadi mwisho.

"Anarudi alikoanguliwa," alisema. "Na wewe, Maduhu, ulianguliwa wapi?"

Asubuhi yake nilichukua tenga moja nikasema nakwenda kuwafuata. Mama Kabula alinifungia viazi vitamu. Jilala alikuwa tayari ameshatoka na ng'ombe.

Kambini nilikuta uwanja umesawazishwa kwa tingatinga. Banda halikuwapo, ukumbi haukuwapo. Juu ya paa la kibanda cha mlinzi walikuwa wawili tu, dume la pete nyekundu na jike lake, wamekaa wakitazama mahali penye hewa tupu. Mlinzi aliniambia walikuja jana yake na hawajala. Nilitikisa kopo, na wakashuka moja kwa moja hadi mkononi mwangu. Sijui kama nimewahi kulia vile kwa ajili ya mtu.

Nimewatunzia watu upweke wao kwa miaka mingi, na mkiniuliza nimejifunza nini nitawaambia kitu kimoja. Nyanya, sweta, vizibo vya drafti, vyote ni vizuri, vifanyeni. Vinaisaidia jioni ipite. Lakini mimi nilifanya burudani ya mtu mwingine iwe njia yangu ya kufika karibu na nyumbani bila kuingia. Ukiwa ugenini, angalia kile unachokipenda kama kinakupeleka kwenu au kinakuzungusha tu juu yake.

Sikuwa na pa kwenda: kurudi kwa Jilala na ndege wa kufungiwa tena sikuthubutu. Nilipanda bodaboda ya kwanza iliyosimama, na dereva alikuwa anakwenda Rwamgasa, basi nikaenda Rwamgasa. Jua lilikuwa limeshapungua makali tulipofika. Niliuliza chumba, nikaelekezwa kwa Mama Minza, mwanamke mpana mwenye nyumba ya vyumba sita nyuma ya vinu vya kusagia mawe. Alilitazama tenga kabla ya kunitazama mimi.

"Hao ni mboga?"

"Hapana, mama. Ni wenzangu."

"Watanichafulia." Aliinama, akawachungulia. Jike likalia kidogo. "Wachimbaji wangu wanakaa siku mbili, wiki, wakisikia dhahabu imetoka kwingine wameondoka. Wewe utakaa muda gani?"

Maisha yangu yote swali hilo nilikuwa nikilijibu kwa "tutaona." Nikapiga hesabu ya fundi: siku za kujenga kiota na kutaga, siku kumi na nane za kuatamia, mwezi wa kuwalisha makinda, na kuwachukua kabla hawajaruka hata mara moja.

"Miezi mitatu," nilisema. "Haipungui, haizidi."

"Mh. Hujafanana na mtu wa miezi mitatu." Lakini alinipa ufunguo.

Chumba kina dirisha moja na kitanda cha kamba. Niliweka sanduku la sabuni juu ya kabati, nikatandika nyasi kavu, nikawafungulia njiwa ndani. Kisha nikampigia Jilala. Simu iliita sana kabla hajapokea, na nyuma yake nilisikia kengele za ng'ombe wakiingia zizini.

"Umewapata?" aliuliza.

"Wawili."

"Basi walete."

"Hawa hawawezi kukaa huko, kaka. Nitaleta makinda yao. Hao watakaa."

Kengele ziliendelea. Nikasikia akifunga lango la zizi.

"Banda sijalivunja," alisema.