Rezista ya Kidole cha Mzee

Mpira aliopewa na daktari wa mazoezi ya viungo, mume wangu aliwatupia kuku. Ulikuwa mpira mdogo, laini, wa kuminya asubuhi na jioni kwa mkono ule uliopigwa na kiharusi. Daktari alitueleza bila kuzunguka: vidole bado vina uhai kidogo, ila visipotumiwa miezi hii vitakauka na havitarudi tena. Nilimshukuru kwa kusema ukweli. Tulipofika nyumbani kwetu Mwankoko, mzee akaketi barazani, akaurusha mpira kwa mkono wa kushoto, kuku wakatawanyika, na ule wa kulia akauficha chini ya kitenge changu alichojifunika magotini. Ukakaa humo.

Mkono ule ndio uliotulisha. Alikuwa fundi redio tangu tulipooana, baadaye na televisheni, na vitu vya sola. Mimi sikusoma, niliishia darasa la nne, lakini nimekaa na ufundi wake ndani ya nyumba maisha yangu yote. Najua akishika chuma cha kulehemu anavyonyamaza. Sasa alikuwa amenyamaza bila kushika kitu. Nikimwambia aminye mpira, ananijibu kwamba yeye si mtoto. Nikamwambia mtoto angeminya.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Kilichonijia ni boksi.

Zamani, tukiishi Sepuka, alikuwepo mgeni mmoja wa kuchimba visima aliyekuwa akileta redio yake kutengenezwa. Alipoondoka alimwachia mume wangu boksi la vigari vya umeme vya mwanawe. Kuna vipande vyeusi vya barabara, unaviunganisha, na katikati vina mfereji mwembamba. Kigari kinaingiza jino lake mferejini na kupata umeme pembeni mwake. Wewe unashika kishikio kama cha bastola na kuvuta kifyatuo kwa kidole kimoja. Ukivuta kidogo gari linatambaa, ukivuta sana linakimbia, na ukikosea kwenye kona linaruka nje.

Krismasi na Idi, majirani wakija kusalimia, alikuwa akiitandaza barabara ile sakafuni. Vijana walitaka mbio. Yeye alipenda kulipitisha gari konani polepole, kama mwanamke aliyejitwisha ndoo iliyojaa. Mimi sikupenda kuona watu wazima wamepiga magoti kwa ajili ya gari linaloingia kwenye kiatu. Nilimwuliza siku moja, "Unafika wapi na hilo gari?" Akasema, "Hapa hapa."

Basi nikawaza, kidole cha kuvuta kifyatuo ni kilekile kinachotaka mazoezi.

Nililishusha boksi kutoka juu ya kabati, nikalifungulia barazani mbele ya macho yake. Akatazama upande wa zizi. Vishikio vilikuwa viwili, kimoja wajukuu walishakivunja. Nikakifungua kile kizima, nikaona ndani mna kibao cheupe, kigumu kama chungu kilichochomwa, kimezungushiwa waya mwembamba. Waya umeungua katikati. Hiyo ndiyo rezista. Kazi yake ni kuuzuia umeme. Ukivuta kifyatuo, kijilimi cha shaba kinateleza juu ya waya, na kadiri unavyovuta ndivyo umeme unavyopita kwenye waya mfupi zaidi, gari likazidi kasi.

Nikaunga pale palipoungua kwa kusokota. Kisha nikafanya kama ninavyofanya kwa kila kitu kinachokwama hapa nyumbani. Huku kwetu mafuta ya alizeti ndiyo ya mboga, ndiyo ya bawaba za mlango, ndiyo ya cherehani na ya miguu iliyopasuka. Nikakipaka mafuta hayo kile kijilimi na waya wake, nikaunganisha betri ya pikipiki, nikavuta. Gari halikusogea. Moshi ukatoka, na harufu kama ya maandazi.

Mzee akageuza shingo. "Unakaanga nini?"

"Rezista yako."

Akavuta pumzi. Ulimi wake nao ulikuwa mzito, akasema neno moja moja, kwa Kinyaturu, kwamba alizeti haiendi kwenye umeme, ikipata moto inakuwa gundi. Nifute kwa spiriti. Na waya ule umekufa, niutoe wote, nizungushe mwingine. Waya uko kwenye kopo la maziwa chini ya meza yake.

Sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo tangu hospitalini. Sikumwonyesha kwamba nimeona. Nikaenda kutafuta kopo.

Humo mlikuwa na waya wa jiko la umeme, mnene. Nikauzungusha huo. Nilipogusa tu kifyatuo gari likachomoka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, likagonga mguu wa kiti chake. Akalitazama pale chini.

"Hiyo ni ya mtu mwenye kidole," akasema. "Mimi sina."

Nikazungusha waya uliotolewa kwenye chuma cha kulehemu kilichokufa, mwembamba kama uzi wa buibui. Huo nao ulizuia mno. Unavuta, unavuta, gari limelala, mpaka ufike mwisho kabisa ndipo linashtuka. Hapo nikaelewa kwamba siwezi kuchagua rezista kwa kidole changu mimi. Nikamwambia alete mkono.

"Wa nini?"

"Nipime."

Hakunipa. Nikafunua kitenge, nikautoa mwenyewe. Ulikuwa wa baridi, na kucha zimekuwa ndefu kwa sababu alikuwa hataki nizikate. Nikamshikisha kile kishikio kitupu. Kidole kilivuta, kikatetemeka, kikaishia njiani, hata nusu hakikufika. Niliona jinsi aibu ilivyompanda usoni. Nikakata kucha zile papo hapo, kisha nikaurudisha mkono chini ya kitenge kwa kuwa aliutaka huko. Lakini tulikuwa tumejua. Tulihitaji waya wa katikati, unaoamsha gari kwa kuvuta kidogo bila kulirusha.

Ulipatikana kwenye mashine ya kukaushia nywele iliyoungua, ya binti yetu mwenye saluni. Mzee akashika mita yake ya kupimia umeme kwa mkono wa kushoto, akapima kipande baada ya kipande, akitikisa kichwa, hadi pale aliposema kata hapo. Kuzungusha kukawa kwangu. Nimesuka vikapu tangu nikiwa msichana, nikadhani hii ni kazi ya aina hiyo. Kumbe kikapu kinataka kila mzunguko ubane mwenzake, na rezista haitaki mizunguko igusane kabisa, maana ikigusana umeme unaruka njia. Mikono yangu haikukubali. Kila nilipofika katikati, waya ulikuwa umebanana kama ukingo wa kikapu. Nilifumua hadi nikachoka.

"Weka uzi," mzee akasema. "Waya na uzi, pamoja. Halafu uzi utoe."

Nikachukua uzi wa cherehani, nikazungusha viwili sambamba, na nilipouchomoa uzi, waya ukabaki umejipanga, kila mzunguko na nafasi yake. Akaupitishia kidole gumba cha kushoto. Hakusifu. Sisi hatusifiani.

Asubuhi iliyofuata nilitandaza barabara juu ya meza, nikamsogeza na kiti chake. Safari hii niliposema lete mkono, aliutoa. Nikavifunga vidole vyake kwenye kishikio kwa kipande cha khanga, nikaacha kile kimoja huru. Akavuta. Muda mrefu hakikutokea kitu. Nilikuwa naiona mishipa ya shingo yake. Kisha gari likatikisika, likatambaa, likafika karibu na kona, likafa. Kidole kilikuwa kimeachia chenyewe.

Akajaribu tena, likafia palepale. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye ukosi wa shati. Nilidhani atasema nitoe takataka hizi, na nilikuwa nimeshapanga jinsi ya kumjibu. Hakusema hivyo.

"Waya umebaki mwingi," akasema. "Nguvu inakuja kidole kimeshachoka. Punguza upande wa mwisho, usogeze pia lile bamba la shaba ambapo kijilimi kinaishia."

Ilikuwa sauti yake ya mezani, ile ya kukosoa kazi ya mwanafunzi. Nikakichomoa kishikio mkononi mwake, mkono ukarudi magotini na khanga yake, nikakifungua, nikatoa kibao, nikainua ncha ya waya kwa sindano. Kisha nikakishika kibao kwa mikono yangu miwili, nikakiweka mbele yake.

"Punguza wewe."

Alinitazama kwa hasira, na mimi nikamtazama. Mkono wa kushoto ukaanza kuja. Nikakiondoa kibao, nikakisogeza upande wa kulia. Akaelewa. Ule mkono mwingine ukapanda mezani, ukiburuta khanga iliyokuwa bado imeuzunguka. Kidole na gumba vikautafuta waya, vikaukosa, vikaenda pembeni, vikarudi. Vikaushika. Ukateleza. Vikaushika tena na kuuvuta, mzunguko wa kwanza ukafunguka.

Kitenge kilikuwa kimeanguka chini na sikukiokota. Chai yake ikapoa. Kulikuwa na mizunguko mingine ya kutoa, nami nikaendelea kushika kibao. Sikumsaidia.