Dole Chini ya Kiti

Chini ya kila kiti kilichotoka katika karakana ya Mzee Msasa palikuwa na alama ya dole gumba. Mzee aliigandamiza mwenyewe siku ya mwisho ya kazi, vanishi ikiwa bado inanata, mahali ambapo jicho halifiki mpaka kiti kipinduliwe. Hiyo ndiyo iliyokuwa sahihi yake. "Jina ataandika yeyote," alizoea kusema, "lakini dole sharti uje nalo mwenyewe." Watu walilipenda sana neno hilo. Lilichapwa hata kwenye kijitabu cha maisha yake kilichogawiwa siku ya maziko, na waliokisoma wakatikisa vichwa kwa heshima.

Habari hii si ya Mzee Msasa. Yake imekwisha kuandikwa, na waasisi wa karakana na viwanda hawakosi wa kuwaandika. Hii ni ya mtu aliyeitwa Mpwa.

Jina alikuwa nalo, kama kila mtu. Lakini siku mama yake alipomfikisha mlangoni pa karakana na kumkabidhi kwa kaka yake, mzee aliwaambia mafundi, "Huyu ni mpwa wangu," na hakuna aliyeuliza zaidi. Mafundi wakamwita Mpwa, wateja wakamwita Mpwa, na muuza gundi wa ng'ambo ya barabara naye vivyo hivyo. Alioa, akapata mabinti wawili, mvi zikaanza kumtoka masikioni, na bado alikuwa mpwa tu.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye paa la bati na madirisha upande mmoja. Mabenchi sita yalipangwa kwa mstari, la mzee likiwa la kwanza, chini ya dirisha lililopata mwanga mzuri kuliko yote. Kiti chao kilijulikana kwa mgongo wake, uliopinda kidogo kama kiganja kinachokinga maji. Hakikuwa na msumari hata mmoja: ulimi wa mbao uliingia katika tundu lake, na gundi kidogo ikamaliza shauri. Mgongo ule ulimchukua Mpwa miaka sita kuujua. Mwaka wa saba patasi ikamteleza, ikampasua dole gumba la kulia kwa mshazari, kuanzia karibu na ukucha hadi kwenye kiungo. Kidonda kilipopona kiliacha kovu lililoligawa dole vipande viwili.

"Sasa umekuwa fundi," alisema fundi wa benchi la pili, mtu wa maneno mengi aliyekuwa pale tangu karakana ifunguliwe. "Wengine hupewa cheti cha karatasi. Wewe chako huwezi kukipoteza."

Baadaye mikono ya mzee ikaanza kutetemeka. Mwanzoni aliacha patasi, kisha randa, kisha hata msumeno. Mpwa ndiye aliyekuwa akikata, akipinda, akiunga na kupiga msasa, na mzee akibaki na kazi moja tu, ya kuweka dole. Halafu dole nalo likashindwa. Lilitikisika kwenye vanishi likaacha doa kama la mtoto aliyechezea wino. Siku hiyo mzee alimwita Mpwa katika stoo ya mbao, akaufunga mlango, na kiti kilikuwa kimepinduliwa katikati yao.

"Weka lako."

"Mjomba, si watasema ni lako?"

"Waache waseme. Mbao ni zangu, umbo ni langu, na mimi na mama yako tulinyonya titi moja. Dole langu na lako yana tofauti gani?"

"Langu lina kovu, mjomba."

"Kwani nani anamkagua mtu makovu chini ya kiti?" Mzee akaketi juu ya gogo. Alikuwa amechoka, na hakuwa mtu mbaya. "Nikishakufa utaweka dole lako kwa jina lako. Hilo nakuahidi. Sasa weka, vanishi inakauka."

Mpwa akaweka.

Hapo ndipo alipopaswa kukataa, na hakuna sababu ya kulifunika hilo kwa kuwa sasa ni marehemu. Heshima isiyoweza kusema hapana ni woga uliovaa nguo safi. Mjomba alikosa kwa kuomba, na mpwa alikosa kwa kutoa. Kisha kuna jambo jingine ambalo yeye mwenyewe alilikiri kwa mkewe: alipenda. Wateja walipokuja, wakapindua kiti kama mtu anayekagua mbuzi, wakalipapasa dole lile na kusema, "Ona, mkono wa mzee huu," yeye alisimama pembeni na msasa mkononi, akiona raha iliyomchoma.

Mzee aliishi miaka sita baada ya siku ile. Karibu na mwisho alikipa chuo cha ufundi cha mji kiti kimoja. Wakakiweka ukumbini nyuma ya kamba nyekundu, na kibao cha shaba kikisema kwamba hiki ni kiti cha mwisho cha mkono wa mwasisi. Mpwa alikitengeneza kwa siku kumi na moja.

Mzee alipozikwa, Mpwa alingoja mwezi mmoja, kisha akaenda kwa mjane, mkaza mjomba wake, ambaye alimwita Mama. Mama huyu alikuwa amekalia meza ya ofisi tangu mumewe alipoanza kuugua, na karakana nzima ilimtazama uso kabla ya kumsalimu.

"Mama, mjomba aliniahidi jambo."

"Najua. Aliniambia." Aliendelea kukunja vitambaa vya kufutia vanishi. "Mjomba wako alikuwa mwepesi wa kuahidi mambo ambayo hayupo kuyafanya. Sasa niambie, tukitoa viti vyenye jina lako, watu watauliza nini?"

Mjane hakungoja jibu.

"Watauliza, hivi vya miaka sita iliyopita vilikuwa vya nani. Humu ndani kuna mafundi watano na familia zao. Maji tumeyavulia nguo, mwanangu. Tuyaoge."

"Lakini mjomba amekufa, Mama. Maiti anawekaje dole?"

"Tutasema alituachia muhuri," akajibu mjane, bila hata kuinua macho.

Ikawa hivyo. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ndefu, tena haikuwa na kichochoro cha kutokea. Miaka minne mingine Mpwa aligandamiza dole, na kila kiti alichokimaliza kilikuwa tofali jingine katika ukuta uliomzunguka. Benchi la kwanza lilibaki wazi. Hakuna aliyethubutu kulitumia, ila Mpwa alitakiwa kulipangusa vumbi kila Jumatatu, nalo alilipangusa.

Mkewe ndiye aliyeleta tangazo. Alilikata gazetini kwa kisu cha mboga, akaliweka mezani mbele yake. Chuo cha ufundi kilitafuta mwalimu wa useremala, na kila mwombaji aje na kazi moja aliyoifanya kwa mkono wake.

"Baba watoto, hii ni yako."

"Nitapeleka nini?"

"Si utengeneze kiti?"

"Kiti gani?"

Mkewe akamtazama kama anayemtazama mtu aliyeuliza maji ni nini. "Chako."

Alikitengeneza uani kwake, Jumapili baada ya Jumapili, kwa muda wa miezi miwili. Kwanza alijaribu kuupa mgongo umbo jingine. Aliunyoosha, ukawa mkavu kama ubao wa kufulia. Akauchonga mapambo, akayaonea aibu akayakwangua. Mikono yake ilikuwa imekwenda njia moja miaka ishirini na mitatu, na kila alipoiachia ilirudi palepale. Mwishowe mgongo ukatoka kama kiganja kinachokinga maji, na kilikuwa kiti bora kuliko vyote alivyowahi kufanya. Alipokipindua ili aweke dole, mkono ukasita hewani. Akaliosha dole kwa mafuta ya taa, akakiacha kiti kitupu.

Chuoni wakaguzi walikuwa watatu. Walikikalia, wakakipindua, wakavigonga viungo vyake kwa fundo la kidole. Mkuu wa chuo, mwanamke aliyekuwa seremala kabla ya kuwa mwalimu, ndiye aliyezungumza.

"Fundi, kazi ni safi, hilo halina ubishi. Lakini huu ni mwigo. Kiti hiki ni cha marehemu Mzee Msasa kuanzia mguu hadi mgongo. Tunatafuta mtu mwenye chake."

"Nilifanya kazi kwake."

"Inaonekana. Umemnakili vizuri mno, na ndiyo shida yenyewe."

Mtu akiambiwa amejiiga mwenyewe, atajitetea kwa maneno gani? Mpwa alikibeba kiti chake hadi getini, akakiweka chini, akasimama nacho muda mrefu huku wanafunzi wakimpita. Kisha akakiacha kwa mlinzi, akarudi hadi ofisini kwa mkuu wa chuo, akamwomba waende ukumbini wawili tu.

Alivuka ile kamba nyekundu kabla hajaruhusiwa, akakipindua kile kiti cha kibao cha shaba.

"Mwalimu, angalia hilo dole. Kisha angalia hili langu."

Mkuu wa chuo akavaa miwani. Kwenye vanishi iliyokauka palikuwa na dole lililogawanywa kwa mshazari kuanzia karibu na ukucha hadi kwenye kiungo. Akaushika mkono wa Mpwa, akausogeza karibu. Akatazama kule, akatazama huku.

"Tangu lini?"

"Huu ni mwaka wa kumi."

"Vyote?"

"Vyote, Mwalimu."

Akavua miwani, akakisimamisha kiti kwa upole na kuirudisha kamba mahali pake. "Basi nimekukosea, fundi. Hukuiga mtu. Naomba radhi kwa hilo." Akaikunja miwani yake. "Lakini wewe ndiye uliyewaambia watu, kiti baada ya kiti, kwamba kazi hii ni ya mwingine. Leo nikikuweka mbele ya wanafunzi, nitawaambia nini siku wakiniuliza kuhusu sahihi?"

"Niliombwa."

"Najua. Hata mimi ningeombwa na mjomba ningeona taabu." Alilisema kwa sauti ya chini, wala hakumtazama. "Siwezi, fundi."

Wapo watakaosema alikuwa mkali. Alisema kweli, na mwalimu asiyeweza kuitetea kweli hana la kufundisha. Lakini ukweli wake uliishia kwa Mpwa. Kibao cha shaba kiliachwa pale pale, na mpaka leo kinasema kilivyosema.

Kesho yake Mpwa aliingia karakana, akaenda moja kwa moja hadi meza ya ofisi.

"Mama, kuanzia leo siweki dole."

Mafundi wote wakasimamisha kazi. Fundi wa benchi la pili akaishika randa hewani kama aliyeona nyoka.

"Sawa," akasema mjane.

Hakuna zaidi. Mpwa alikuwa amejiandaa kwa matusi na machozi na kwa kukumbushwa aliyemlea, na hilo neno moja likamwacha bila pa kushika. Alifanya kazi siku nzima na mwili mwepesi. Viti sita vilipakwa vanishi, vikapangwa ukutani vikiwa vimepinduliwa, matumbo yote matupu. Jioni alimwambia mkewe, "Nimetoka."

Asubuhi akavikuta viti sita vina madole sita. Yalikuwa madogo, ya mviringo, safi, hayana kovu. Mjane alikuwa mezani akijisugua kidole kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, bila haraka.

"Mama, hilo si la mjomba wala si langu."

"Nani anamkagua mtu makovu chini ya kiti?" akasema mjane. Maneno yalikuwa ya mumewe, kama ambavyo kila kitu mle kilikuwa cha mumewe. "Chai iko tayari. Kunywa, kuna oda ya viti kumi."

Fundi wa benchi la pili akamsogelea. "Ndugu yangu, usilie kwa ajili ya dole. Ng'ombe hajipigi chapa mwenyewe." Alitaka kumchekesha. Mafundi walicheka, na Mpwa naye akacheka kidogo kwa sababu wote walikuwa wakimtazama.

Angeweza kuondoka. Mkewe alimwambia hivyo mara nyingi, na alikuwa na haki. Lakini aende wapi, na mkono unaojua kiti kimoja tu, nacho ni cha marehemu mbele ya kila mtu? Popote ambapo angekipeleka wangesema ameiga. Akabaki miaka minane mingine, akitengeneza viti ambavyo mwingine aliviwekea dole, mpaka kifua kilichojaa vumbi la mbao kilipomlaza. Kwenye maziko yake hapakuwa na kijitabu. Mjane alituma shada la maua lenye utepe ulioandikwa: Mpwa mpendwa wa Mwasisi.

Kile kiti cha uani kiko sebuleni kwa mkewe, na mgeni akija ndicho anachopewa. Juzi alikuja karani wa mtaa kuandika majina ya wakazi. Kabla hajakaa akaupapasa mgongo wake.

"Kiti cha Msasa hiki, mama."

"Hapana. Alikitengeneza mume wangu."

"Aha, yule mpwa. Alifunzwa vizuri." Akakipindua, kama wanavyofanya wote, akainama na kutafuta, akapitisha kiganja kwenye mbao mara mbili. Kisha akakisimamisha.

"Kumbe si chenyewe," akasema, akakikalia, akafungua daftari lake na kumuuliza jina.