Sauti ya Pili

Fundi cherehani wa Shanwe haongei sana akiwa kazini. Hukata uzi kwa meno, hulowanisha kidole kwa ulimi kabla ya kukunja pindo, na mguu wake hukanyaga pedeli kwa kufuata wimbo. Miaka yote kanda ilikuwa moja, ya kwaya ya Karema, ambamo marehemu mkewe, Pudensiana, aliimba sauti ya pili. Redio yake ya kaseti ilikwaruza kama mahindi yanayokaangwa, lakini mkewe alisikika. Mwezi uliopita alinunua sabufa, nyimbo zikahamishiwa kwenye flashi, na redio pamoja na kanda yake akampa shemeji yake wa Usevya. Sasa nyimbo zinatoka safi mno. Anawasikia waimbaji mmoja mmoja, hata yule anayekohoa, na kila siku anawahesabu kwa vidole vyenye alama za sindano. Wa sauti ya pili wako wanne. Walikuwa watano. Pudensiana hayumo.

Leo mchana amezima sabufa na kumpigia shemeji. "Shemeji, naomba redio yangu. Nitakuletea sabufa, tubadilishane."

"Umeshachoka kuwatambia majirani?" Shemeji akacheka. "Njoo uichukue. Hata hatujaiwasha, betri watoto wameweka kwenye tochi."

Fundi akaibana simu sikioni. Nyuma ya kicheko kile mwanamke alikuwa anaimba sauti ya pili, polepole.

"Nani anaimba hapo?"

"Hapa? Niko peke yangu na hii redio yako."

Fundi akaishika simu kwa mikono miwili. "Usikate, shemeji. Iweke simu hapo juu yake, halafu uende zako shamba."