Lenzi ya Redio Yateleza

Kinyozi wetu tulimwita Redio, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na swichi. Siku hiyo alikuwa akimnyoa mwalimu mkuu, mara akapiga chafya moja ya nguvu. Alipofumbua macho, mwalimu mkuu alikuwa na vichwa viwili, vyote vimenyolewa upande mmoja.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Nimalizie kipi?"

Mwalimu aliazima kofia ya mlinzi wa duka la jirani, akaenda zake.

Jicho moja la Redio lilishawahi kupasuliwa kwa ajili ya mtoto wa jicho, likawekwa lenzi ya bandia. Redio aliringa nayo kama mtu mwenye gari jipya. Sasa, hospitalini, daktari wa macho, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimmulika akamwambia kifuko kilichoishika lenzi kimelegea, nayo inaning'inia kama mlango uliong'oka bawaba.

"Huwezi kumpiga kofi kidogo, irudi?" mkewe akauliza. "TV yetu huwa inatengemaa hivyo."

"Hapana, mama. Tutaivuta mahali pake, tuishone kwenye ukuta wa jicho."

Redio aliposikia neno kushona, akakosa la kusema. Mkewe anaapa kwamba hajawahi kumwona kimya vile, hata msibani.

Lakini kwenye chumba cha upasuaji, jicho likiwa limetiwa ganzi, woga ulimfungulia mdomo upya. Akasimulia mpira, siasa, na talaka za wateja wake. Kila akicheka, kichwa kinatikisika.

"Baba," daktari akasema, "mteja akicheza hivi, wembe uko shingoni, unamwambiaje?"

"Namwambia atulie, la sivyo ataondoka bila sikio."

"Haya basi."

Akatulia. Aliona mwanga, kisha kivuli chembamba kikipita kama samaki kwenye ndoo. Moyoni akamwahidi Mungu kwamba hatasengenya tena. Ahadi hiyo ilidumu hadi kwenye korido.

Asubuhi nesi alimbandua bandeji. Mkewe alikuwa mbele yake, khanga imekunjamana, macho mekundu.

"Unaniona?"

"Nakuona. Uko mmoja."

"Afadhali, maana wawili usingetuweza. Naonekanaje?"

"Umechakaa, mama watoto."

"Nimelala kwenye benchi usiku kucha kwa ajili yako, mjinga wewe!"

Redio akamshika mkono mkewe. Nesi alikuwa amemkataza kulisugua jicho, kwa hiyo akayaacha machozi yashuke yenyewe, akasingizia dawa.