Alama Kwenye Skana ya Shemeji

Niseme mapema, asije mtu akanishika shati baadaye: simpendi shemeji yangu. Sikumpenda alipokuja kuchumbia, sikumpenda siku ya ndoa, na hata sasa ninapoandika haya simpendi. Huyu mume wa mdogo wangu anaongea kwa kupayuka hata mkiwa mmekaa goti kwa goti. Akija kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Bukoba mjini anagusa kila kitu: bisibisi, mita, simu za wateja. Nikimwambia acha, anacheka. Kicheko chake kinanipandisha presha.

Nyumbani kwetu Kitendaguro walikuwa na sababu yao nyingine. Yeye ni mnyamahanga, mtu wa kuja, alivuka ziwa kutoka upande wa pili akiwa kijana na hana hata mgomba mmoja wa kuuita wake. Kwa baba yangu, mwanamume asiye na kibanja, shamba la migomba la ukoo, ni kama hajazaliwa vizuri. "Utazikwa wapi?" ndilo swali alilomuuliza siku ya posa, mbele ya watu wote, na shemeji akacheka. Baba hakumsamehe kicheko hicho. Hata mtoto wao wa kwanza alipofariki akiwa bado mchanga, palikuwa na ugomvi, maana kwetu mtoto huzikwa kwenye kibanja cha baba yake, na baba huyu hana. Mdogo wangu akakataa katakata mtoto kuvushwa maji akazikwe ng'ambo. Mwishowe baba akatoa kona moja chini ya mibuni, kwa kinyongo, na shemeji akachimba mwenyewe. Siku hiyo hakucheka.

Kisha kitinda mimba wetu, kijana ambaye baba alimtegemea kwa shamba, akaacha jembe akaenda Muleba kuwa nahodha wa boti la shemeji. Linabeba dagaa na abiria kutoka visiwani hadi mwaloni, ufukweni maboti yanaposhushia mizigo, na shemeji hungoja pale na pikapu yake kuchukua mzigo. Basi siku moja wakati wa chakula shemeji akamtambulisha kwa mgeni: "Huyu ni kijana wangu wa mwaloni." Baba akarudisha tonge kwenye sahani.

"Mwanangu si wa mwaloni," akasema. "Wa mwaloni ni hao vibarua wako. Huyu ni wa hapa. Ukimtaja tena, mtaje kwa kibanja chake au funga mdomo."

Matoke yakapoa pale mkekani. Mimi nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilimtazama shemeji alivyoinamisha kichwa nikasema moyoni, safi sana.

Sasa hiyo skana. Ni redio ya kusikiliza tu, yenyewe haisemi. Inapita chaneli moja baada ya nyingine, na ikikuta mtu anaongea inasimama umsikie. Shemeji aliifunga kwenye pikapu ili asikie maboti yake, kila boti na chaneli yake, kwa sababu simu kule ziwani hugoma zinapotaka. Tatizo lilikuwa kwamba chaneli zilikuwa nyingi mno. Skana iko mwaloni lakini inapoteza muda kuchungulia walinzi wa maghala ya mjini, na boti likiita wakati huo, limekosa. Ndipo akaniletea kipokea GPS, kidude cheusi chenye sumaku cha kubandika juu ya bati la gari. Kazi yake ni kuiambia skana gari liko wapi. Skana ikishajua, inafungua chaneli za mahali hapo na kuzifunga nyingine.

Nilihangaika na waya ule asubuhi nzima. Vifaa hivi viwili lazima viwekwe kasi moja ya kuzungumza. Kasi zikitofautiana, kimoja kinaongea na kingine kimekaa tu, na wewe unaweza kulia usijue kosa liko wapi. Shemeji alisimama nyuma yangu muda wote, ananipumulia shingoni, anapayuka habari za dagaa.

"Hebu nyamaza unisikilize," nikamwambia vilipokubaliana. "Kila chaneli inataka alama. Unaendesha gari mpaka pale ambapo ukiwepo utataka kumsikia mtu huyo. Unasimama, unachagua chaneli yake, unabonyeza hapa. Ukitoka nje ya eneo hilo skana haimsikilizi tena. Umeelewa?"

"Nimeelewa, shemeji. Mbona unanifokea?"

"Rudia nilichosema."

Akarudia vizuri tu, neno kwa neno, na mkono wake uko kwenye mita yangu. Akaondoka. Nikashukuru Mungu kuona vumbi la gari lake.

Hatukugundua kitu kwa muda, kwa sababu siku za kawaida mdogo wangu wa kiume, yule nahodha, hupiga simu. Halafu ikaja siku ile. Injini ya boti ilizima katikati ya maji, mchana, upepo umechachamaa na mvua inakuja. Simu haikushika mtandao. Akachukua redio yake ya mkononi akaanza kuita: "Shemeji, unanisikia?" Akaita mpaka koo likakauka. Abiria wengine walisali rozari, wengine walimtukana yeye. Maji yakawachukua yanakotaka mpaka kesho yake, wavuvi wa kisiwa kingine walipowaona na kuwakokota. Hakufa mtu. Lakini mdogo wangu alirudi Kitendaguro na homa, sauti imekwaruzika kama kopo linaloburutwa, na kila aliyekuja kumpa pole alimwambia jambo lile lile: alinisikia, akanyamaza.

Maana mchana ule shemeji alikuwa mwaloni, ndani ya pikapu, skana inaongea. Watu walimwona. Maboti yake mengine yalipoita yamezidiwa na mawimbi, aliyasikia yote, akayatumia msaada. Sasa la shemeji yake tu ndilo asilisikie? Ebo! Nani wa kudanganywa hivyo? Tulikumbuka yale maneno ya chakulani, tukakumbuka alivyoinamisha kichwa, na kila mtu nyumbani akajumlisha mwenyewe. Kulipiza kisasi kwa kumwacha mtoto wa watu afe maji! Baba akatuma mtu Muleba kumchukua mdogo wangu wa kike, aje nyumbani na nguo zake zote.

Jumapili baada ya misa tukakaa uani. Baba kwenye kiti chake, mdogo wangu wa kiume amejifunika blanketi, dada mtu yuko mkekani na mabegi yake ubavuni, macho yamevimba. Shemeji aliitwa naye akaja. Pikapu yake ilikatazwa kuingia, akaiacha kule barabarani, akasimama kwa sababu hakuna aliyempa kiti. Kahawa ya kutafuna ilipitishwa kwenye kikapu chake kidogo, kila mtu akachukua punje zake, kisha kikapu kikampita yeye kama vile pale hapana mtu. Kwetu hilo halihitaji maelezo. Hata adui hupewa kahawa.

"Binti yangu harudi kwako," baba akasema. "Sina neno lingine."

"Mzee, sikusikia," shemeji akasema. Mara ya kwanza namsikia akiongea kwa sauti ya chini. "Naapa mbele ya kaburi la mwanangu, sikusikia."

"Usitaje kaburi!" mdogo wangu wa kiume akamkatiza kutoka kwenye blanketi. "Wengine uliwasikiaje?"

Dada mtu akaanza kulia. Alikuwa anampenda mume wake, hilo lilionekana, na hakuna aliyemuuliza.

Mimi nikasimama. Nilijua kitu ambacho wao hawakukijua: kwenye skana unaweza kufungia chaneli kwa mkono, na ukifanya hivyo ishara ya kufungiwa inabaki kwenye skrini. "Nipe ufunguo wa gari," nikamwambia. Akanipa bila kuuliza. Nilitembea kwenda barabarani kwa hamu, nakiri. Nilikuwa naenda kuchukua ushahidi wa kumzika mtu.

Nikawasha skana. Nikatafuta chaneli ya boti la mdogo wangu. Haikuwa imefungiwa. Tena ilikuwa wazi kabisa, inasikiliza, hapo hapo Kitendaguro! Nikatazama alama yake. Tarakimu za mahali zilikuwa karibu sawa na za pale gari liliposimama. Nikafungua za maboti mengine: zote alama zake ni kule mwaloni, sawasawa kama nilivyomfundisha. Ni moja tu iliyoletwa huku, mbali na maji, kwenye migomba ya baba yangu. Gari likiwa mwaloni, skana isingeweza kumsikia hata angepiga kelele namna gani.

Nikashuka chini ya orodha. Palikuwa na chaneli nyingine yenye alama ya huku. Ilikuwa ya shemeji mwenyewe, redio anayobeba siku anapoingia ziwani na kumwachia mke wake gari. Tarakimu zake nazo zilikuwa za kibanjani kwetu, zimesogea kidogo tu, upande wa mibuni.

Nilikaa kwenye kile kiti cha gari kinachonuka dagaa. Hasira niliyokuja nayo sikujua niiweke wapi. Nikazima redio nikarudi uani.

"Kwa nini ulimwekea alama hapa?" nikamuuliza mbele ya wote. "Nilikwambia pale utakapotaka kumsikia. Ulirudia kwa mdomo wako!"

"Nilirudia," akasema. "Wale wengine niliwaweka mwaloni. Nilipofika kwake mkono ukakataa. Mzee alishanikanya, mtoto wake si wa mwaloni. Nikaona nikimwandika pale pamoja na vibarua, nimemtukana tena. Nikaleta gari hadi hapa barabarani siku ya soko, nikabonyeza. Nilidhani alama ya kwao itamfuata popote alipo."

"Uongo mtupu," mdogo wangu wa kiume akasema. "Ameutunga njiani."

"Si uongo," nikasema, na maneno yalinitoka kwa taabu kwelikweli. "Na yeye mwenyewe amejiweka hapa. Angezama yeye, mkewe asingesikia kitu. Hakuna mtu anayejifungia masikio ya mke wake mwenyewe."

"Hapa wapi?" baba akauliza.

"Pale kwa mtoto. Gari halifiki pale, kwa hiyo aliingia na ile skana, betri na kila kitu, akaenda kusimama pale, akabonyeza."

"Mimi ndiye niliyembebea betri," dada mtu akasema kutoka mkekani. "Aliniambia anataka skana ijue yeye ni wa wapi."

 Baba alitazama upande wa mibuni, akatazama mikono yake. Sisi ndio tuliomfundisha mtu yule, miaka yote hiyo, kwa matusi na kwa kumnyima kiti, kwamba mahali pa mtu ni pale atakapolazwa. Alikuwa amejifunza.

Mdogo wangu wa kiume akaingiza mkono chini ya blanketi akatoa redio yake. Hakuiacha tangu atoke majini, alilala nayo. "Kaiwashe," akaniambia. Nikarudi garini nikawasha, nikafungua milango yote miwili. Kutoka pale niliwaona wote kupitia nafasi ya lango. Akabonyeza, na sauti yake mbovu ikatoka kwenye pikapu, kubwa, ikapita juu ya migomba.

"Shemeji, unanisikia?"

Shemeji hakuwa na redio. Alijibu kwa mdomo wake, akiwa amesimama uani, uso umelowa, na hakupayuka. Mimi sikumsikia kutoka barabarani. Nilisoma midomo yake tu. Lakini kidole cha mdogo wangu kilikuwa bado kwenye kitufe, kwa hiyo jibu lenyewe likanijia kupitia skana, pembeni ya sikio langu:

"Nakusikia. Nakusikia, shemeji yangu."

 Kisha nikamsikia baba, naye kupitia redio, akikohoa kama anavyokohoa anapotaka kugombana na mtu.

"Mwambieni huyo fundi aingize hilo gari ndani. Linaziba njia ya watu."

Niliingiza. Nilipozima injini, kikapu cha kahawa kilikuwa mkononi mwa shemeji, na dada mtu alikuwa anarudisha mabegi kwenye pikapu bila kumwomba mtu ruhusa. Mdogo wangu wa kiume bado alikuwa amenuna. Alinuna mpaka msimu wa senene.

Wiki ile ile nilikwenda Muleba na kompyuta yangu, nikahamisha alama ya mdogo wangu ikawa mwaloni. Shemeji alisimama nyuma yangu, ananipumulia shingoni, mkono wake uko kwenye bisibisi yangu. Aliuliza kama yake nayo nimeihamisha.

"Nimekuongezea ya pili, ya hapa mwaloni, usikike ukizama," nikamwambia. "Ile nyingine nimeiacha kwenu. Sasa weka bisibisi chini."