Kicheko cha Fundi

Tangu mitumba iruhusiwe, mama mmoja, fundi cherehani wa baraza moja la Kariakoo, hupunguza makoti ya Ulaya, na kando ya cherehani hulaza kitabu cha hadithi fupi za Kiingereza kilichotoka ndani ya robota. Neno gumu huliandika kwa chaki kwenye bitana, akalinong'ona huku miguu ikikanyaga, wala halikung'uti mpaka avuke kwa Pranav, muuza vitambaa, kuazima kamusi. Akishapata maana ndipo hucheka.

"Mie nacheka viporo tu," humlalamikia.

Leo cherehani ilinyamaza katikati ya mshono. Fundi akaangua kicheko mpaka miwani ikamdondoka.

"Mama, kamusi hii hapa!" Pranav aliita.

"Kaa nayo, baba!" akajibu, akifuta machozi kwa bitana isiyo na hata alama ya chaki. "Cha leo si kiporo!"