Mvua ya Nyuma ya Kochi

Juzi nilimwona fundi katika duka moja Mosocho akipanga spika, mbili mbele na mbili nyuma, nikajikuta nimegeuka ghafla kuangalia nje. Mazoea hayo yalinianza alasiri ile baba aliporudi kutoka Ogembo na seti kama hiyo.

Sebule ilinuka katoni mpya na chai ya maziwa. Baba alipigilia misumari, akatundika spika mbili ukutani nyuma ya kochi, juu kidogo ya masikio yetu, kisha akaweka sinema. Mara mvua ikanyesha kisogoni mwangu.

"Embura!" mama akapiga mayowe kwa Kigusii. "Mvua! Mahindi yangu!"

Tukatoka mbio kwenda uani, ambako mahindi ya kutulisha mpaka mavuno yalikuwa yameanikwa kwenye turubai. Jua lilikuwa linawaka. Tuliduwaa. Mimi niliamini mvua imenyesha nyuma ya nyumba peke yake, nikazunguka kuitafuta. Baba alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ni spika, Mama Kemunto! Rudini mketi."

Tukarudi. Baada ya muda mvua ikaanza tena nyuma yetu, nzito kuliko ya kwanza. Mama, kwa aibu, hakugeuza hata shingo. Mimi nilishangaa tu kwamba sinema inaweza kunukia udongo ulioloa.

"Hebu zima hiyo kitu," mama akasema.

Baba akazima. Picha ikapotea.

Mvua haikuzimika.